Huduma ya Kusasisha Kompyuta: Imekataa, Imezimika au Imezimwa?

Kwa kawaida ukurasa huu hushughulikia ngeli, mnyambuliko wa vitenzi na matatizo ya kufundisha Kiswahili katika shule zetu za mashariki ya Uganda. Safari hii tumeona ni vyema tuzungumzie kompyuta. Muhula uliopita mwanafunzi wetu mmoja wa mwaka wa tatu alikaribia kupoteza tasnifu yake yote kwa sababu ya huduma moja ndogo ambayo wengi wetu hatujui hata kwamba ipo. Tulipoanza kutafuta chanzo cha jambo hilo, tulijikuta tumerudi kule kule kwenye mnyambuliko wa vitenzi.

Mwanafunzi huyo alikuwa akiandika kuhusu athari za Lugisu katika matamshi ya Kiswahili. Alikuwa amerekodi wazee na watoto huko Bududa na Sironko, na kazi yote aliihifadhi kwenye flashi moja. Alipoichomeka flashi hiyo katika kompyuta ya chumba cha idara, folda zake zote ziligeuka kuwa alama ndogo zenye mshale, na kila alipobofya moja hakuna kilichofunguka. Wale wanaotumia vibanda vya intaneti mjini Mbale wanaufahamu ugonjwa huu. Kirusi huficha folda za kweli na kuweka bandia mahali pake. Kwa bahati kazi yake haikuwa imefutwa. Baada ya kukisafisha kirusi, tuliandika amri hii katika dirisha jeusi la amri, na folda zikarudi (herufi E ni jina la flashi, kwenye kompyuta nyingine huenda ikawa F au G):

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Swali lililobaki ni kwa nini kinga ya kompyuta haikumkamata kirusi mlangoni. Tulipoikagua tuliona kwamba orodha yake ya virusi ilikuwa ya miezi minane iliyopita. Orodha hiyo huletwa na huduma ya kusasisha, iitwayo Windows Update, na huduma hiyo ilikuwa haifanyi kazi. Tulipojaribu kuiwasha, haikuwaka.

Hapo ndipo lilipoanza suala la lugha. Tuliwauliza wanafunzi waliokuwamo chumbani waeleze kwa Kiswahili tatizo ni nini. Wengi walisema, "Kompyuta imekataa." Hatukushangaa. Anayetoka upande wa Buganda husema "egaanye" kwa kila chombo kinachogoma, kuanzia pikipiki hadi jiko, na Kiswahili cha mitaani kinafanya vivyo hivyo. Mwanafunzi mmoja alisema, "Huduma imezimika." Mwingine akasema, "Imelemazwa," kwa kuwa neno hilo aliwahi kuliona kwenye programu iliyotafsiriwa. Hakuna aliyesema "imezimwa".

Tofauti ya majibu hayo si ndogo. Anayesema mashine imekataa ameipa mashine nia, na mwenye nia hubembelezwa. Ndiyo maana mtu huizima kompyuta na kuiwasha mara tano akitumaini kwamba itabadili mawazo. Kauli ya kutendeka, "imezimika", inatuambia jambo limetokea lenyewe, kama taa inavyozimika mafuta yakiisha. Kwa hiyo hatumtafuti mtu. Neno "imelemazwa" nalo linaleta picha ya kiungo kilichovunjika, na mtu hufikiri kwamba huduma imeharibika na inahitaji fundi. Lakini kwa Kiingereza skrini ilisema "Disabled", na maana yake hapa ni kwamba huduma ni nzima, ila imewekewa kizuizi isianze. Imezimwa. Kauli ya kutendwa humlazimu msikilizaji auulize: imezimwa na nani? Na katika ugonjwa huu, hilo ndilo swali linaloponya.

Tueleze sasa namna ya kulijibu.

Kwanza hakikisha kwamba huduma kweli haianzi, kwa maana watu huchanganya mambo mawili. Liko tatizo la huduma kutoanza, na liko tatizo la huduma kuanza vizuri lakini kushindwa kupata masasisho. Hili la pili mara nyingi ni la mtandao au la tarehe. Hapa kwetu umeme hukatika mvua inaposhuka kutoka Wanale, na kompyuta kuukuu ambayo betri yake ndogo ya ndani imekwisha husahau tarehe kila inapokosa umeme. Inaamka ikiamini ni miaka mingi nyuma, hati za usalama za tovuti zinaonekana kwake kama hazijaanza kutumika, na mawasiliano yanavunjika. Ukiona namba 0x80072F8F, itazame saa ya kompyuta kabla ya kitu kingine chochote. Betri yenyewe ni ile ya duara, CR2032, na kuibadilisha ni kazi ya dakika chache.

Ikiwa tarehe ni sahihi, shika kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika services.msc, kisha bonyeza Enter. Litafunguka dirisha lenye orodha ndefu ya huduma. Huduma, kwa maana ya hapa, ni programu isiyo na dirisha lake, inayofanya kazi nyuma ya pazia, mfano wa mpishi wa bweni ambaye wanafunzi hawamwoni ila chakula kisipokuja. Teremka hadi Windows Update. Katika Windows XP ya zamani iliitwa Automatic Updates.

Angalia safu inayoonyesha namna huduma inavyoanzishwa. Ukiona "Automatic", huanza yenyewe. Ukiona "Manual", huanza inapoitwa. Ukiona "Disabled", hairuhusiwi kuanza hata ikiitwa. Hapa tunaomba msomaji asiwe na haraka. Katika Windows 10 na Windows 11 hali ya kawaida ya huduma hii ni "Manual". Huamka ikihitajika, ikamaliza kazi, ikalala tena. Kwa hiyo kutoiona ikifanya kazi wakati huo si ugonjwa. Tumewahi kuona kompyuta nzima kabisa ikipelekwa kwa fundi kwa kosa la kulala.

Ikiwa ni "Disabled", bofya jina lake mara mbili, badilisha iwe "Manual", bofya "Apply", halafu "Start". Ukinyimwa ruhusa na ukaona kosa namba 5, maana yake umeingia kama mtumiaji wa kawaida, na unahitaji nywila ya msimamizi.

Kuhusu namba za makosa, tuseme neno moja, kwa sababu walimu wa lugha tuna tabia ya kuziruka. Huduma iliyozimwa hutoa kosa 1058. Lakini ukijaribu kusasisha kupitia ukurasa wa mipangilio, kosa lile lile hujitokeza kama 0x80070422, na mtu hudhani ni ugonjwa mwingine. Ni namba moja katika lahaja mbili: 422 katika hesabu ya vizio kumi na sita ni 1058 katika hesabu yetu ya makumi. Vivyo hivyo 1068 ni 42C. Kwa hiyo tunasisitiza: ujumbe wa kosa unakiliwe neno kwa neno na namba kwa namba. "Imeandika kitu fulani kwa Kiingereza" si taarifa.

Kosa 1068 lina maana tofauti. Huduma yenyewe imeruhusiwa kuanza, ila kuna nyingine inayoitegemea ambayo haijaanza. Katika dirisha la huduma bofya "Dependencies" uone majina ya huduma tegemezwa. Iliyo muhimu zaidi ni Remote Procedure Call, ambayo karibu kila kitu katika Windows huitegemea na haifai kuguswa ovyo. Kuna pia mbili ambazo hushirikiana na huduma ya kusasisha. Ya kwanza ni Background Intelligent Transfer Service, maarufu kwa kifupi BITS, ambayo hubeba mafaili polepole kwa kutumia nafasi ya mtandao isiyotumika. Ya pili ni Cryptographic Services, inayokagua sahihi za masasisho ili usiletewe bandia. Moja ikizimwa, kusasisha kunakwama ingawa Windows Update yenyewe ni nzima.

Wakati mwingine hakuna aliyezima kitu. Umeme umekatika katikati ya kusasisha, na ghala la mafaili yaliyopakuliwa limechafuka. Hapo kweli unaweza kusema "imeharibika". Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, uandike amri hizi moja moja:

net stop wuauserv
net stop bits
ren C:\Windows\SoftwareDistribution SoftwareDistribution.old
net start bits
net start wuauserv

Jina hilo geni, wuauserv, ndilo jina la ndani la huduma ya kusasisha. Amri hizi huliweka kando ghala la zamani, na Windows hujijengea jipya. Mafaili yako ya kazi hayaguswi. Lakini fahamu kwamba orodha ya masasisho yaliyopita haitaonekana tena, na yaliyokuwa yamepakuliwa nusu yataanza upya, yaani bando nalo litaanza upya. Usifanye hivi kwa modemu iliyobakiwa na megabaiti chache mwisho wa mwezi.

Kama bado, amri sfc /scannow hukagua mafaili ya Windows na kurekebisha yaliyoharibika. Iko pia DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, lakini hiyo kwa kawaida huchukua mafaili mazima kupitia huduma ile ile ya kusasisha, kwa hiyo isipoelekezwa kwenye chanzo kingine inaweza kukwama kwa ugonjwa ule ule unaotaka kuuponya.

Turudi kwenye kompyuta yetu. Ilikuwa "Disabled". Tuliibadilisha, ikaanza, tukafurahi, tukaenda nyumbani. Asubuhi yake ilikuwa "Disabled" tena. Tukairekebisha, na siku ya tatu hali ikawa hiyo hiyo.

Huduma inayozimwa tena na tena ni dalili mbaya, na ina historia. Tarehe 23 Oktoba 2008 Microsoft ilitoa sasisho la dharura, MS08-067, la kuziba tundu katika Windows. Mwezi uliofuata likatokea buu la kompyuta lililopewa jina Conficker, ambalo liliingia katika mamilioni ya kompyuta ambazo hazikuwa zimesasishwa. Miongoni mwa mambo liliyofanya ni kuzima Windows Update, BITS na kinga, na kuzuia kompyuta isifike kwenye tovuti za watengenezaji wa dawa za virusi. Aina zake zilizofuata zilijifunza kusafiri kwa flashi. Mapema mwaka 2009 hata mtandao wa Jeshi la Wanamaji la Ufaransa uliambukizwa. Mwaka 2017 hadithi ilijirudia: sasisho lilitolewa Machi, na Mei buu la WannaCry likazifunga kompyuta za hospitali nyingi Uingereza ambazo hazikuwa zimelipata. Mara zote mbili dawa ilikuwapo kabla ya ugonjwa, ila haikuwa imefika kwa mgonjwa.

Kwa hiyo tulishuku buu. Tulichomoa waya wa mtandao, tukaleta dawa ya virusi kwa flashi safi kutoka kompyuta nyingine, tukaikagua mashine usiku kucha. Hakukuwa na kitu. Tukauliza kama kuna programu ya kugandisha diski, zile zinazowekwa katika vyumba vya kompyuta ili kila mashine ikiwashwa irudi ilivyokuwa jana. Pia haikuwapo. Mwishowe tukafungua Task Scheduler, yaani mahali ambapo Windows huandikiwa kazi za kufanya kwa ratiba, na hapo tukaona kazi moja ambayo kila kompyuta inapowashwa inaizima huduma ya kusasisha.

Iliyoiagiza ni idara, yaani sisi wenyewe. Katika likizo ndefu ya mwaka uliotangulia tulikuwa tukitumia modemu moja kwa ofisi nzima, na bando la wiki lilikuwa likiisha Jumanne. Tulimwita fundi, tukamwambia azime kila kinachokula bando. Alifanya kazi yake vizuri. Sisi tulisahau. Hatukuandika popote, na muhula ulipoanza na mtandao wa kawaida ukarudi, hakuna aliyekumbuka kuiwasha.

Hatudhani tuko peke yetu. Uganda haina pwani, na intaneti yetu hupitia kwa majirani. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009 tulitegemea setilaiti, na kusasisha Windows kungeweza kuchukua siku nzima. Kasi imeongezeka tangu hapo, lakini bado bando hununuliwa kwa fedha ya mfukoni, na tangu Julai 2021 lina ushuru wa asilimia 12. Mwalimu anayezima masasisho hafanyi hivyo kwa ujinga, bali analinda nauli yake. Tunachosema ni kwamba kuna njia bora kuliko kuizima huduma. Katika Windows 10 na 11, fungua mipangilio ya mtandao unaoutumia na uwashe "Metered connection". Kwa kufanya hivyo unaiarifu kompyuta kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo, nayo huacha kupakua masasisho mengi yenyewe. Ukifika penye mtandao wa bure, unaizima alama hiyo na kusasisha. Na penye kompyuta nyingi katika chumba kimoja, mpangilio wa Delivery Optimization huruhusu moja iliyopakua iwagawie wenzake kupitia mtandao wa ndani, badala ya kila moja kwenda kuteka maji kisimani.

Kuna kompyuta ambazo haya yote hayatazisaidia. Microsoft iliacha kuhudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kupata muda wa nyongeza. Katika mashine hizo huduma inaweza kuanza bila kosa lolote, ikabisha hodi, na hakuna wa kuitika. Nyingi ya kompyuta kuukuu zinazouzwa Kampala au kutolewa kama misaada kwa shule haziwezi kupokea Windows 11, ambayo hudai angalau gigabaiti 4 za kumbukumbu, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na kichakataji cha miaka ya karibuni. Kwa hizo ushauri wetu ni mfumo wa Linux pamoja na LibreOffice, ambayo inatosha kabisa kwa tasnifu. Wenye kumbukumbu watakumbuka kwamba mwishoni mwa mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Windows nayo ilipata vifurushi vya Kiswahili kuanzia toleo la XP, ingawa hivyo hutafsiri sehemu tu ya maandishi, na ujumbe mwingi wa makosa hubaki Kiingereza.

Hapo ndipo kazi ya idara kama yetu inapoingia. Tangu Baraza la Mawaziri liidhinishe, Julai 2022, Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, walimu wanafunzi wetu watakwenda kwenye shule ambako wao ndio watakaokabidhiwa ufunguo wa chumba cha kompyuta, kwa sababu tu wao ni vijana. Istilahi zao bado zinayumba. "Kusasisha", kutoka "sasa", limeshazoeleka kwa sababu ya simu, na wachache hutumia "kuhuisha". Wakenya hupenda "tarakilishi", sisi na Watanzania wengi husema "kompyuta". Hayo hayana madhara, kila mtu aendelee na lake. Ila kwa "Disabled" tunapendekeza "imezimwa" au "imezuiwa kuanza", na "imelemazwa" iachwe. Na darasani, mnapofundisha kauli ya kutendwa na kutendeka, mfano wa taa na mshumaa umechoka. Jaribuni huu wa huduma.

Mwanafunzi wetu amekwisha kuwasilisha tasnifu yake. Nakala moja iko kwenye flashi, nyingine ofisini kwetu, ya tatu kwenye barua pepe yake. Ile kazi katika Task Scheduler tumeifuta, na ndani ya mlango wa kabati tumebandika karatasi ya kuandika kila kinachozimwa: tarehe, sababu, jina la aliyezima, na siku ya kuwasha tena.

Wenye kompyuta zenye tatizo hili wanakaribishwa Ijumaa baada ya saa nane mchana katika chumba cha idara. Waje na nywila ya msimamizi na waya wa umeme, na wawe wameandika ujumbe wa kosa kama ulivyo kwenye skrini. Wenye flashi wazikaguze kwanza mlangoni.